Mtoto Aliyebaki Malindi

Sehemu ya Tisa

Lorine alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, karatasi iliyokunjwa mara nne mkononi, mlango ulipofunguka nyuma yake. Hapo ndipo tulipokatiza wiki jana.

Aliyefungua alikuwa baba yake.

Mzee Wamalwa alisimama kizingitini na jembe begani. Alikuwa anatoka kupalilia pojo. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini alipoiona ile karatasi ni kama lilimkauka papo hapo.

"Rudisha hiyo ulipoitoa," alisema.

Lorine hakurudisha. Alikuwa amekuja Voi kutoka Malindi, anakotembeza watalii, ili amuuguze mama yake. Hospitali ilikuwa imemruhusu Mama Nabwile arudi nyumbani, na si kwa sababu alikuwa amepona. Ilikuwa saratani ya ini. Daktari hakuzunguka mbuyu: wiki mbili, labda tatu. Asubuhi hiyo mama aliona baridi akamtuma binti yake atoe shuka sandukuni. Chini ya shuka Lorine alikuta shati dogo la mtoto wa kiume na kibali cha maziko.

Kibali kilisema: Elly Wamalwa. Umri, miaka minne. Malindi, Agosti 1987.

Lorine alizaliwa mwaka 1990. Tangu apate akili aliambiwa yeye ndiye kifungua mimba, na yeye ndiye kitinda mimba. Hana kaka, hana dada.

"Baba, Elly ni nani?"

"Nimesema rudisha."

"Ana jina lako. Elly ni nani?"

Jibu lilitoka kitandani, kwa sauti nyembamba kama uzi.

"Mwache asome, Baba Elly."

Jembe lilianguka sakafuni.

Kwa miaka thelathini na mitano Nabwile alikuwa amemwita mumewe Baba Lorine. Majirani wote wa mtaa wa Sofia walimwita hivyo. Wafanyakazi wenzake wa reli walimwita hivyo mpaka siku aliyostaafu. Jina lile lingine lilikuwa limelala chini ya shuka, pamoja na lile shati.

"Keti hapa, mwanangu," mama alisema.

Lorine aliketi ukingoni mwa kitanda. Baba yake alibaki wima.

"Ulikuwa na kaka," Nabwile alianza. Alikuwa anazungumza na binti yake, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe. "Tulikuwa tunafanya kazi Malindi, kwa nyumba ya wageni. Baba yako alikuwa mtu wa bustani. Mimi nilikuwa dobi. Siku hiyo kulikuwa na mashuka mengi sana. Baba yako anasema alimleta mtoto mlangoni, akaniambia nimshike. Mimi sikusikia. Mashine ilikuwa inapiga kelele. Nilikuwa nimewapa mgongo."

Pumzi zilikuwa zinampiga chenga.

"Wavuvi walimtoa majini jioni. Tulimzika kulekule. Kwa watu wetu Bungoma mtoto hazikwi ugenini, lakini nani angesimama mbele ya wazee aseme alimpa mgongo mtoto wake? Mwaka uliofuata baba yako akapata kazi ya reli hapa Voi. Tukaja. Tukafunga mdomo."

Mzee Wamalwa alikuwa anatazama sakafu.

Sasa Lorine alielewa. Miaka tisa iliyopita alipopata kazi Malindi, baba yake aliacha kuongea naye. Hakumpigia simu hata mara moja. Akija Krismasi, mzee huchukua kiti chake akaenda kukaa nje.

"Nilidhani unaniona aibu, Baba," alisema. "Nilidhani umesikia maneno ya watu, kwamba msichana anayetembea na wazungu ni malaya. Kumbe ilikuwa ni hii? Mbona hukuniambia? Mwaka wa tisa huu!"

Mzee aligeukia mlango.

"Nataka kwenda kumwona," Nabwile alisema.

"Hapana," mzee aliruka. "Utafia njiani."

"Hata hapa nitakufa."

"Mama Lorine, hapana! Nimekataa!"

"Sijakuomba ruhusa, Baba Elly. Nakuambia niendako."

Mzee aliokota jembe akatoka. Kupitia dirishani Lorine alimwona amerudi shambani, analima mahali alipokwisha palilia. Miche ya pojo ilikuwa inakatika pamoja na magugu, naye hakuwa anaona.

Fanuel Mwakio ni Mtaita wa Wundanyi. Anaendesha gari la watalii kati ya Malindi na mbuga ya Tsavo, na kwa miaka mitano amekuwa akifanya kazi na Lorine: yeye usukani, Lorine maneno. Lorine alimpigia simu. Bahati ilikuwa upande wao.

"Nimeshusha wageni loji leo," Fanuel alisema. "Kesho narudi Malindi gari tupu. Tutapita ndani ya mbuga, tutokee lango la Sala. Barabara ni mbovu lakini ni fupi. Mama tutamlaza kiti cha nyuma. Nitaendesha kama nimebeba mayai."

Saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa mlangoni.

Sasa tazama mambo. Mzee Wamalwa, aliyekataa katakata jana, hakumruhusu Fanuel amguse mkewe. Alimbeba mwenyewe, kwa mikono iliyopigilia misumari ya reli maisha mazima, akamlaza kitini, akamwekea mto kichwani na mwingine chini ya magoti. Akamfunika. Akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Twende basi, Baba," Lorine alisema. "Nafasi ipo."

Mzee alifunga mlango wa gari, akaingia ndani ya nyumba. Hakugeuka hata kupunga mkono.

Nabwile hakulia. Alisema tu, "Endesha, baba," na Fanuel akaendesha.

Waliingia mbugani jua likichomoza. Vumbi jekundu la Tsavo liliwafuata nyuma. Saa moja baadaye Fanuel alizima injini ghafla. Ndovu walikuwa wanavuka barabara, wakubwa kwa wadogo, wote wekundu kama waliopakwa udongo wa chungu.

Nabwile aliomba ainuliwe. Miaka thelathini na saba ya Voi ilimfundisha ndovu ni mnyama wa kumaliza mahindi na kuua watu Kasigau. Hakuwahi kumtazama kwa raha, ndani ya gari, kama mgeni. Ndovu mmoja mdogo alibaki nyuma. Mama yake akarudi, akamsukuma kwa mkonga.

"Amemwona," Nabwile alisema polepole. "Huyo amemwona."

Fanuel aliwasha injini tena.

Kabla ya adhuhuri walifuata Mto Galana. Lorine alimpa mama dawa ya maumivu, kijiko kimoja, kisha nusu nyingine, kwa maana njia ilikuwa inamtesa. Ili amtoe mawazo, alimwonyesha maji.

"Mama, mto huu ukifika mbele unaitwa Sabaki. Unaingia baharini Malindi penyewe. Ndiyo maana bahari ya Malindi huwa nyekundu mvua ikinyesha bara. Wageni hulalamika, wanasema maji ni machafu. Mimi huwaambia si uchafu, ni udongo wa kwetu."

"Kwa hivyo udongo wa huku humfikia," mama alisema.

"Humfikia, Mama."

Saa saba waliingia Malindi. Harufu ya chumvi ilipopenya dirishani, Nabwile alishika mkono wa binti yake na kuukaza mpaka kucha zikaacha alama.

"Tuende makaburini moja kwa moja?" Fanuel aliuliza.

"La," Nabwile alisema. "Lorine, kwanza nitembeze kama unavyowatembeza wageni wako. Nimekuzaa, na sijawahi kuiona kazi yako."

Lorine alikuwa ametembeza Waitaliano, Wajerumani, Wachina, maharusi, wajane, wanafunzi wa shule. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito. Lakini alianza.

Alimwonyesha kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti na makaburi ya kale uani. Alimwonyesha jumba la nguzo, ambalo limekuwa hospitali na sasa ni makumbusho. Alimweleza juu ya magofu ya Gede, mji mzima wa mawe uliomezwa na msitu, ambako nyani huruka juu ya misikiti isiyo na watu. Alimweleza Marafa, korongo la rangi ishirini, ambako wazee husimulia familia tajiri iliyooga maziwa mpaka Mungu akaididimiza ardhini.

"Na wewe unaamini?"

"Siamini, Mama. Lakini nikisimulia mpaka nasisimka."

Nabwile alicheka. Kicheko kidogo, chenye maumivu ndani yake, lakini kicheko.

Fanuel alisimamisha gari penye aiskrimu ya Kitaliano. Mama hakuwa amekula kitu kwa siku mbili. Alilamba kijiko cha kwanza. Akalamba cha pili. Cha tatu kilimshinda, akampa Lorine amalizie. Mwuza vinyago aliyekuwa anapita akapaza sauti:

"Lorine! Leo umeleta wageni kutoka wapi?"

"Kutoka Voi," Lorine alijibu. "Ni mama yangu."

"Karibu Malindi, mama! Binti yako anatulisha hapa. Wageni wake hununua, hawatazami tu!"

Uso wa Nabwile uliangaza kama wa mtu aliyesomewa jina kanisani.

"Sasa nipeleke mnarani," alisema.

Lorine aliganda.

Mnara wa Vasco da Gama umesimama kwenye ncha ya mawe iliyoingia baharini, mweupe, na msalaba juu. Hakuna mgeni anayefika Malindi asipige picha pale. Lorine amewaleta watu mamia kwa mamia. Asubuhi ile tu, njiani, mama alikuwa amemweleza kuwa nyumba ile ya wageni ilikuwa karibu na pale, na kwamba ni kwenye mawe yale wavuvi walimwopoa Elly.

Fanuel alimbeba Nabwile mikononi. Upepo ulikuwa mkali. Mawimbi yalikuwa yanapiga mawe, yakipasuka, yakirudi. Mama aliyatazama muda mrefu bila kupepesa macho.

"Ukifika hapa na wageni, unawaambia nini?"

"Nawaambia Mreno alifika mwaka 1498, mfalme wa Malindi akampokea vizuri..." Lorine alisita. "Halafu nawaambia wasisogelee ukingo. Na wenye watoto wawashike mkono. Mawimbi ya hapa ni ya hila."

"Waambie kila mara," mama alisema. "Usisahau hata siku moja."

"Sitasahau, Mama."

Lorine aligeuka, akalia huku anaitazama bahari, kwa maana mtembeza wageni hajifunzi kulia mbele yao.

Makaburi ya umma yalikuwa nyuma ya mji, penye mivinje. Wakati huo jua lilikuwa limeanza kuinama na Nabwile alikuwa anachoka vibaya. Ngozi yake ilikuwa ya manjano, midomo mikavu. Lorine aliogopa kitu kimoja: kwamba hawangelipata kaburi. Miaka thelathini na minane! Bila shaka msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa, na pengine mtu mwingine alishazikwa juu yake. Angemwambia nini mama?

Mtunza makaburi alikuwa mtu wa makamo aitwaye Katuku, amevaa buti za mpira, panga mkononi.

"Twatafuta kaburi la mtoto," Lorine alisema. "Ni la zamani sana. Elly Wamalwa."

Alitegemea Katuku akune kichwa. Katuku hakukuna.

"Elly? Njooni."

Akawatangulia bila kusita hata penye njia panda, mpaka chini ya mvinje mmoja. Akasimama.

Lorine hakuamini macho yake.

Kaburi lilikuwa dogo, la saruji, limepakwa chokaa nyeupe safi. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa za mkono, zilizonyooka. Hakukuwa na jani hata moja juu yake.

"Nani anayelitunza?" Lorine aliuliza. "Ni wewe?"

"Mimi nafagia tu. Mwenyewe ni babake."

"Babake nani?"

"Babake mtoto. Mzee mmoja wa Voi. Huja kila mwezi wa Agosti, tangu enzi za marehemu baba yangu aliyekuwa na kazi hii. Hulipaka chokaa, huketi papo hapo mlipo hadi alasiri. Hasemi na mtu."

Lorine alikumbuka. Kila Agosti baba yake huaga kwamba anakwenda Mombasa kwa mambo ya pensheni. Kila Agosti!

Katuku hakujua anazungumza na nani. Aliendelea.

"Akitoka hapa, hupita mnarani. Huketi kwa mwuza madafu, mbali kidogo, akimtazama msichana mmoja atembezaye wazungu. Mwaka jana nilimfuata nikamuuliza, mzee, yule wamjua? Akaniambia, ni wangu. Nikamwambia basi si uende umsalimu? Akasema hana uso wa kumsalimia."

Lorine aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Miaka tisa! Miaka tisa amemlaani kimoyomoyo mzee yule kwa ukimya wake, naye alikuwa hatua mia moja nyuma yake, na dafu mkononi, akimsikiliza anavyosimulia.

Nabwile peke yake ndiye ambaye hakushangaa. Aliomba ashushwe. Fanuel alitandika mkeka, wakamketisha chini, mgongo wake kifuani mwa Lorine. Aliweka kiganja juu ya saruji, akaipapasa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa.

"Elly," alisema. "Nimekuja, baba. Nimechelewa."

Halafu akazungumza naye Kibukusu, kwa sauti ya chini mno, maneno ya mama na mtoto, na Lorine hakuyasikiliza kwa sababu hayakuwa yake. Fanuel alivua kofia akaenda kusimama kando. Katuku naye aliliweka panga chini. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa.

Baada ya muda maneno yaliisha. Nabwile alifumba macho. Pumzi moja, halafu kimya. Pumzi nyingine, halafu kimya kirefu zaidi.

"Mama, turudi garini? Tukutafutie daktari?"

Mama alitikisa kichwa.

Ndipo Katuku aliposema, "Si yule anakuja?"

Lorine aliinua uso. Kati ya mivinje alikuwa anakuja mzee mmoja kwa haraka, koti limejaa vumbi la basi, viatu viwili havijafungwa kamba. Mzee Wamalwa. Alikuwa amepanda basi la kwanza, akazungukia njia ya Mombasa ili awawahi.

Alifika. Akamwona mkewe. Akaanguka magotini upande wa pili wa kaburi.

"Nabwile, usiende bado. Ngoja niseme."

"Baba, mwache apumzike," Lorine alisema.

"Nitasema! Nikinyamaza leo nitanyamaza milele." Alishika ukingo wa kaburi kwa mikono miwili. "Nabwile, kwako sikumleta. Kule kwa dobi sikumleta mtoto. Nilikudanganya."

Mivinje ilivuma. Fanuel aligeuka.

"Siku ile kulikuwa na wageni wawili," mzee aliendelea. "Mume na mke. Walitaka kuona mnara. Mwenye nyumba akaniambia niwapeleke. Nikafurahi, maana nilitaka kuwa mtu wa kutembeza wageni, nilikuwa nimechoka na bustani. Elly alililia kunifuata, nikamchukua. Nikamketisha juu ya jiwe. Nikamwambia, usitoke hapa, Baba anafanya kazi. Wale wageni wakanipa kamera niwapige picha. Nikafumba jicho moja, nikawatafuta vizuri, nikapiga. Nikapiga na ya pili. Nilipofumbua, jiwe lilikuwa tupu."

Hapo alilia kama mtoto.

"Nilikimbia hadi kwako. Nikakuuliza, Nabwile, mtoto niliyekuachia yuko wapi? Nilikuuliza wewe! Wewe ukashika kichwa ukasema, ole wangu, sikusikia, mashine ilikuwa inapiga kelele. Ukauchukua ule mzigo ukajitwika, nami nikakuacha uubebe. Miaka thelathini na minane nimekuona ukiamka nao na kulala nao. Na huyu mtoto wetu alipoanza kazi ileile, kwenye mawe yaleyale, ningemtazama vipi machoni?"

Lorine hakujua amchukie au amkumbatie. Mkono mmoja ulikuwa umemshika mama. Ule mwingine, bila yeye kuutuma, ulinyooka juu ya kaburi ukalishika koti la baba yake kwa nguvu.

"Nabwile," mzee alisema. "Umenisikia? Sema tu kama umenisikia."

Nabwile hakufumbua macho. Lorine akainamisha sikio mdomoni mwake.

Midomo ilisogea.

"Nilijua."

Mzee aliacha kulia ghafla, kama aliyemwagiwa maji.

"Nilijua, Baba Elly," Nabwile alisema tena, polepole, kila neno na pumzi yake. "Tangu juma lile la maziko. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Nani alikuambia?" Mzee alimshika mabega. "Tulikuwa mimi na wale wageni tu! Nabwile, nani alikuambia?"

Kiganja cha mama kiliteleza juu ya chokaa, kikatua mchangani. Kifua kilishuka.

Lorine alingoja kifua kipande tena.